Nywele na Baridi ya Moshono: Ujuzi Ulikuwepo, Ukanyolewa

Juni ikiingia, Moshono inabadilika sura. Mlima Meru haupo, wingu limekaa mpaka saa nne au saa tano, konda wa daladala kajitupia shuka juu ya sweta, na karibu kila dada aliyekaa kwenye siti ana mzula kichwani. Chini ya mizula hiyo kuna vita. Nywele ambazo mwezi wa tatu zilikuwa laini, ukizivuta zinarudi zenyewe, sasa zimekakamaa kama brashi ya viatu. Ncha zinakatika. Chanuo likipita unasikia kabisa sauti yake.

Na kila mwaka inarudi kauli ile ile: nywele za kipilipili haziwezi baridi, bora uzisukie rasta mpaka Septemba usahau, au uweke dawa yaishe. Imeshasemwa sana mpaka imekuwa kama sheria. Lakini historia ya mlima huu inaikataa. Kwenye miteremko hii watu walifuga nywele ndefu za kipilipili, wakatembea nazo wazi kwenye baridi hii hii, bila hata chupa moja ya dukani. Na cha kuchekesha, hawakuwa wadada.

Wenye nywele walikuwa makaka

Waarusha walianza kukaa Meru miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini, upande wa kusini mwa Moshi. Walikuwa wakulima, ila walizungumza Kimaa na kuishi kwa marika kama Wamasai wa mbugani. Kwa mila hiyo mwanamke alinyoa kichwa kikang'aa. Aliyefuga nywele ni morani.

Na alizifuga kweli. Ziligawanywa vifungu vidogo vidogo, kila kimoja kikasokotwa mpaka kikawa chembamba kama kamba ya kiatu, kisha vikakusanywa na kufungwa nyuma. Walisukana wenyewe kwa wenyewe: mmoja kakaa chini, mwenzake nyuma yake, masaa yanakwenda. Ule umbea wa saluni unaosemwa ni wa kike, huku ulishakuwepo kati ya vijana wenye mikuki. Siku ya eunoto, sherehe ya kumaliza umorani, mama mzazi ndiye aliyemnyoa mwanawe, na wapo vijana waliolia machozi mbele za watu. Ukifikiria miaka iliyoingia kwenye kichwa kile, unawaelewa.

Kilichozishika nywele zile ni vitu viwili tu: mafuta ya mnyama na udongo mwekundu. Udongo huo kwa Kimaa huitwa olkaria, jina ambalo Wakenya wanalijua zaidi kwa umeme wa mvuke unaozalishwa Olkaria, karibu na Naivasha.

Wageni wameupiga picha wekundu ule kwa zaidi ya miaka mia moja, na chini ya picha huandikwa urembo, ushujaa, utamaduni. Sawa, hayo yote yamo. Ila mtu anayehangaika na kichwa chake mwezi wa saba anaona na kitu kingine pale. Anaona nywele zilizosokotwa zikaachwa, hazichanwi kila asubuhi. Anaona mafuta mazito yaliyofunika kila unywele mpaka nchani, na udongo laini uliojipaka juu yake kama koti la pili. Yaani kila kitu ambacho leo kinauzwa kwenye vichupa vitatu tofauti, kilikuwa kwenye kibuyu kimoja.

Sababu ya kukihitaji iko kwenye umbo la unywele wenyewe. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake, na kwenye nywele zilizonyooka yanateremka tu mpaka chini. Kwenye kipilipili yanakutana na kona baada ya kona, hayafiki mbali. Ncha zinabaki uchi. Na kila kona ni sehemu ambayo ganda la nje la unywele hunyanyuka kirahisi na maji yaliyomo ndani yakatoka.

Sasa ongeza baridi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka mpaka nyuzi 12 hivi. Hewa ya nyuzi 25 ikijaa unyevu inabeba kama gramu 23 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 12 inabeba gramu 11 hivi, basi. Ndiyo, asubuhi kuna ukungu na kila kitu kinaonekana kimelowa, lakini maji yaliyomo hewani ni machache. Mchana hewa ile ile ikipata joto la nyuzi 22 inakuwa na njaa, inatafuta maji popote: midomo, visigino, nywele. Ndo maana Arusha unaweza kuamka kwenye manyunyu na saa nane midomo imepasuka.

Waarusha na Wamasai hawakuwa peke yao kwenye hili. Kwenye nyanda za juu za Ethiopia, ambako Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 na baridi yake si ya mchezo, wanawake wamepaka siagi kichwani kwa vizazi na vizazi. Watu wawili wasiofanana lugha wala mavazi, wote wa milimani, wote wakafika kwenye mafuta ya ng'ombe. Sio bahati.

Halafu wembe ukapita

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walijaribu kufika Meru mwaka 1896, wawili wao wakauawa. Wajerumani wakalipiza kisasi vibaya sana, wakajenga boma Arusha mwaka 1900, na misheni zikarudi kwa utulivu zaidi: Nkoaranga mwaka 1902, Ilboru mwaka 1904. Pamoja na misheni ikaja shule, na pamoja na shule likaja wazo jipya la usafi. Msomi alikuwa na shati jeupe na kichwa kilichonyolewa. Mafuta na udongo vikawa alama ya yule ambaye bado hajasoma. Reli ilipofika Arusha mwaka 1929, ilikuta mji ambao tayari umeanza kuwapanga watu kwa mwonekano wao.

Kilichofuata baada ya uhuru ni kigumu kuamini ukikisoma leo. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, nchi nzima ikautazama mji huu. Mwaka huo huo na uliofuata, uongozi wa mkoa wa Arusha ukaendesha kampeni ya kuwavalisha Wamasai mavazi ya kisasa. Nguo za ngozi na ule udongo wenye mafuta vikapigwa vita, na waliojipaka wakaanza kuzuiwa huduma za kawaida, mpaka kupanda basi. Hoja ilikuwa usafi na maendeleo.

Hapo hapo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ukapitisha azimio jingine kule Dar es Salaam. Hilo likaitwa Operesheni Vijana, likaanza kazi Januari 1969, na lenyewe lilikuwa dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mkorogo na mawigi. Hoja safari hii: huo sio Uafrika. Yaani ndani ya miezi michache, kijana wa Arusha aliambiwa kichwa chake ni cha Kiafrika kupita kiasi, na dada wa Dar akaambiwa chake si cha Kiafrika vya kutosha. Katikati ya hao wawili hakuna aliyeulizwa nywele zake zinajisikiaje.

Wakati huo dunia ya vipodozi ilikuwa imeshaanza kutoa majibu yake. Vaselini ilisajiliwa Marekani mwaka 1872. Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 na wazazi waliotoka utumwani, alianza biashara yake mwaka 1906 akiuza mafuta ya kichwa ambayo msingi wake ulikuwa jeli hiyo hiyo ya petroli pamoja na salfa. Ukiondoa harufu na kopo zuri, ni ndugu wa mafuta ya morani: kitu kizito cha kuzuia maji yasitoke. Tofauti ni kwamba cha Walker kilikwenda pamoja na kitana cha moto, na kitana hicho kikasafiri dunia nzima. Huku kikakutana na jiko la mkaa. Nywele zikachomwa, moshi ukapanda, masikio yakaungua kidogo, kichwa kikanyooka mpaka manyunyu ya kwanza.

Kisha kalikiti, miaka ya 80. Hii inastahili heshima yake, tucheke tusicheke. Ilichafua mito ya kulalia na migongo ya makochi, ila ndiyo staili pekee ya dukani iliyomlazimisha mtu kulowesha kichwa kila siku. Bila ile dawa yake ya kupuliza yenye glisirini, mikunjo inakauka na aibu inaonekana. Aliyewahi kukaa na kalikiti Arusha alijua kwa vitendo kwamba unyevu haukai wenyewe. Baada yake ikatawala dawa ya kunyoosha, na somo likasahaulika tena, mpaka watu walipoanza kuiacha. Wengine walichoka kuungua. Wengine walisoma utafiti uliotoka Marekani Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake 33,497, ukakuta wanaotumia dawa za kunyoosha mara kwa mara wanapata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini ulitosha kuwafanya wengi wasite.

Miezi saba ya uhuru

Hapa ndipo penye kuuma. Shule nyingi za serikali mpaka leo zinataka msichana awe na nywele fupi kabisa. Sababu zinazotajwa ni usafi, usawa na muda wa masomo, na mzazi mwenye watoto wanne wa kike na pesa ya saluni ya mmoja anaweza kuzielewa. Lakini angalia kalenda ya binti wa Moshono. Anamaliza kidato cha nne Novemba. Nywele zinaanza kuota, sentimita moja kwa mwezi au pungufu. Krismasi ni fupi, Pasaka zinashikika, Mei anaanza kusuka mabutu na twende kilioni. Juni baridi inashuka, zinakauka, zinakatika, hajui kwa nini, na hakuna wa kumwambia kwa sababu mama naye alipitia njia hiyo hiyo. Julai anaripoti kidato cha tano. Mashine inapita.

Kwa hiyo kumbukumbu aliyobaki nayo ya nywele zake ni ile ya mwezi wa mwisho, mwezi mbaya kuliko yote. Akija kuzifuga tena ana miaka 19 au 20, anaamini kabisa kwamba zake ni mbaya. Morani wa zamani alianza umorani akiwa na umri karibu na huo, ila yeye alikaa mbele ya mtu anayejua. Binti anakaa mbele ya simu.

Na simu inamjibu kwa baridi ya watu wengine. Video nyingi za nywele za asili kipindi cha baridi zimetengenezwa Marekani na Uingereza. Chicago, Januari, nje kuna theluji na ndani kuna mtambo wa joto unaowaka usiku kucha. Mtambo ule unapasha hewa bila kuiongezea maji, ndo unaokausha nywele, ndo maana wanashauri mashine ya kurusha mvuke chumbani na jeli maalumu ya bei kubwa. Moshono hakuna mtambo. Nyumba nyingi ndani ni baridi kama nje. Binti ananunua suluhisho la tatizo ambalo halipo nyumbani kwake, halafu wezi wake halisi anawaacha.

Mwizi wa kwanza ni mzula wenyewe. Sufi na pamba zinafyonza mafuta na maji, na nyuzi za sufi zinasugua ncha kila ukigeuza shingo kumwangalia konda. Mzula hauna shida ukishonewa bitana ya satini ndani, kazi ndogo tu kwa fundi wa mtaani, au ukivaliwa juu ya kitambaa laini. Foronya ya pamba nayo ni hivyo hivyo usiku.

Mwizi wa pili ni woga wa maji. Baridi ikikaza watu wanaacha kuosha nywele kwa kuogopa mafua, wiki tatu, mwezi, halafu wanapakua mafuta juu ya ukavu. Mafuta hayaleti maji. Yanazuia yaliyopo, na kama hayapo yanazuia hata yale yatakayokuja. Nywele zinaloweshwa kwanza, kwa maji ya uvuguvugu, mchana jua likishatoka, kisha mafuta yanafuata zikiwa bado na umande, kisha zinasokotwa na kuachwa. Maji ya moto sana yanaondoa hata yale mafuta machache ya asili. Glisirini iliyowafaa watu wa kalikiti inafaa bado, ila ichanganywe na maji na ifunikwe na mafuta, kwa sababu inavuta unyevu kutoka popote, na hewa ikiwa kavu inaweza kuuvuta kutoka ndani ya nywele zenyewe.

Wa tatu anakuja Agosti: upepo na vumbi. Vumbi la Arusha linajulikana, halihitaji utambulisho. Linakaa juu ya mafuta, linanyonya, linasugua. Udongo wa morani ulikuwa laini na ulipakwa pamoja na mafuta kwa makusudi. Vumbi la barabarani lina mchanga na halikualikwa. Mwezi huo kilemba kina kazi kuliko kipodozi chochote.

Kuhusu mafuta, samli haitarudi mjini, harufu yake kwenye daladala iliyojaa ingeleta ugomvi. Ya nazi kutoka Pwani ni mazuri, ila kwenye baridi ya Arusha yanaganda kwenye chupa, kwa sababu chini ya nyuzi 24 hivi yanakuwa magumu. Yayeyushe viganjani kwanza. Yaliyo karibu na kazi ya zamani ni ya nyonyo, mazito, yanayong'ang'ania. Na hapa kuna kichekesho kingine. Mbarika, mmea unaotoa nyonyo, asili yake ni upande huu wa Afrika, na unaota wenyewe kwenye viwanja na kingo za njia. Watu waliotekwa utumwani waliyajua mafuta yake hata ng'ambo ya Atlantiki, na leo yanarudi kwenye maduka ya Arusha yakiwa kwenye chupa ndogo yenye jina la Jamaika, kwa bei ambayo ingenunua lita kadhaa za yale ya hapa hapa. Ila usijaribu kusaga mbegu mwenyewe jikoni, zina sumu kali. Nunua yaliyokamuliwa na mtu anayejua kazi yake.

Waliorudi na chanuo

Ujuzi wa kusokota haukufa ulipopigwa marufuku. Ulihama. Vijana wa Kimasai walipoanza kwenda mijini kutafuta pesa, wengi wakawa walinzi wa usiku, na baadhi wakagundua kwamba mikono yao ina kitu ambacho watoto wa mjini wanakitaka. Leo kusuka kwa Wamasai ni jambo la kawaida Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha. Wanaume waliovaa shuka, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanasokota vichwa vya wadada kwa kasi ambayo saluni nyingi haziwezi. Wapo wateja wanaowasifu kwa mkono mwepesi, na wapo wanaolalamika kwamba wanavuta mpaka macho yanapanda. Kichwa chochote kinachoumia usiku wa kwanza kimebanwa kupita kiasi, asuke Mmasai asuke dada wa saluni. Hapo hata mafuta hayasaidii, kingo za mbele zinang'oka.

Wanawake, ambao kwa mila ile walikuwa wananyoa, ndio wanaokaa chini sasa. Vijana, ambao babu zao walizuiwa basi kwa sababu ya mafuta kichwani, ndio wanaolipwa. Na mteja mpya akifika na nywele kavu za Julai, msusi anazishika, anazikunja kidogo kati ya vidole, halafu kabla ya kutaja bei anauliza kama amekuja na mafuta.